Kazadi Mwamba, kipa wa Lubumbashi aliyebeba lawama ya wengine

Ukitaja jina la Kazadi Mwamba, wengi watakujibu mara moja: yale mabao tisa ya Yugoslavia. Lakini katika yale tisa, yeye alifungwa matatu tu, na maisha yake haikuwa ile siku moja.

Kazadi alizaliwa mwaka wa 1947. Alikuwa kipa wa TP Englebert ya Lubumbashi, mji wa shaba. Ni ile ekipe tunaita leo TP Mazembe. Alibeba nayo kombe la klabu bingwa za Afrika mara mbili, 1967 na 1968. Mwaka huo wa 1968, kule Ethiopia, Kongo ilipiga Ghana 1-0 ikawa bingwa wa Afrika. Kipa njo alikuwa yeye. Mwaka wa 1974, kule Misri, akalibeba tena, nchi ikiitwa sasa Zaire.

Kisha wakaenda Kombe la Dunia kule Ujerumani, nchi ya kwanza ya Afrika nyeusi kufika pale. Scotland ilishinda 2-0, na kipindi cha pili Kazadi hakufungwa hata bao moja. Hapo njo habari ya primi ilitokea: wachezaji walijua kwamba pesa yao imeliwa na wakubwa. Walitaka kugoma. Tarehe 18 Juni waliingia uwanjani bila moyo. Mchimbaji hana haja ya kufasiriwa: ukinyimwa jasho lako, mikono inalegea.

Dakika ya 18 Yugoslavia ilikuwa na matatu. Kocha Vidinić, mwenyewe mtu wa Yugoslavia, akamtoa Kazadi, akaingiza Tubilandu. Haikusaidia kitu: sita yakaongezeka.

Siku nne kisha, juu ya Brazil, Kazadi akarudishwa langoni. Wachezaji walisimulia baadaye kwamba Mobutu aliwatisha: wakifungwa zaidi ya matatu, ole wao. Bao la tatu lilimponyoka Kazadi dakika ya 79. La nne halikuingia.

Alikufa mwaka wa 1996. Miaka 14 kisha, kipa mwingine wa Mazembe, Kidiaba, alicheza fainali ya dunia ya klabu kule Abu Dhabi, na watoto wetu wote wakajua jina lake. Wawafundishe pia la Kazadi. Bingwa wa Afrika mara nne hapimwi kwa dakika ishirini, tena za siku ambayo wengine walikuwa wamekula pesa yake.