Mama Aliyeuza Kivuli Chake

Safari hii tumemchagua Sojourner Truth, mama wa Marekani ambaye jina lake limo katika kalenda ya ukumbusho ya Kanisa la Episkopali, yaani Waanglikana wenzetu wa huko, ingawa yeye mwenyewe alikuwa Mmethodisti. Wengi humjua kwa mahubiri yake ya kupinga utumwa. Sisi tutakaa zaidi kwenye picha zake, kwa kuwa wasimulizi huzipita mbio.

Alizaliwa yapata mwaka 1797 katika jimbo la New York, akaitwa Isabella. Alipokuwa na umri wa miaka 9 hivi aliuzwa mnadani pamoja na kundi la kondoo kwa dola 100, kisha akauzwa tena mara mbili. Mwaka 1826 alitoroka na mtoto wake mchanga. Mwanawe Peter alikuwa ameuzwa Alabama kinyume cha sheria. Mama huyu asiyejua kusoma akaenda mahakamani, na mwaka 1828 akarudishiwa mtoto. Mwaka 1843 alijipa jina jipya, lenye maana ya mpitaji na ya kweli, akashika njia kwenda kuhubiri.

Sasa tuje kwenye picha. Mwaka 1854 Mfaransa Disdéri alikuwa amesajili njia ya kupiga picha kadhaa juu ya bamba moja la kioo. Picha zikawa rahisi, zikichapwa kwenye karatasi iliyopakwa ute wa yai (naam, yai la kuku) na kubandikwa juu ya kadi ndogo ya kutosha kiganjani. Watu wakanunua sura za marais, majenerali na waigizaji, wakazipanga katika albamu sebuleni.

Katika mwaka 1863, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Sojourner naye aliingia studio. Wakati huohuo ilikuwa ikiuzwa picha ya mtumwa mmoja aliyeonyesha mgongo wake wenye makovu ya mijeledi. Picha ile ilifanya kazi kubwa, wala hatuidharau. Lakini mama huyu hakutaka kuonekana hivyo. Alikaa wima kwa kilemba cheupe, shali mabegani, miwani usoni, na mara nyingi akiwa ameshika kazi yake ya kufuma. Katika mojawapo amepakata picha ya kijana, ambaye wataalamu wamemtambua kuwa mjukuu wake James Caldwell, askari wa kikosi cha 54 cha Massachusetts, aliyetekwa mwaka huo.

Mwaka 1864 aliandikisha haki ya picha zake mahakamani kwa jina lake mwenyewe. Kwa desturi jina lililochapwa kwenye kadi lilikuwa la mpiga picha. Kwenye zake lilikuwa la Sojourner. Chini aliagiza yachapwe maneno ya kueleza kwamba anauza kivuli ili kumtegemeza mwenye kivuli. Tukikumbuka ule mnada wa kondoo, tunaona uzito wa jambo hilo: safari hii muuzaji ni yeye, na mwili wake haumo katika biashara. Kadi hizo aliziuza mikutanoni na kwa posta, akapata riziki na fedha za kulipia deni la nyumba yake.

Oktoba 1864 alipokewa na Rais Lincoln mjini Washington. Alifariki Battle Creek, Michigan, tarehe 26 Novemba 1883, akazikwa huko. Kadi zake nyingi zingalipo katika majumba ya makumbusho, na wapiga picha wa baadhi yake hawajulikani hata leo.