Sayyidna Abubakar na Sanda Yake Kuukuu

Kwetu maiti akishatoka nyumbani ndipo hesabu inapoanza: turubai, viti, magunia ya mchele, nyama, mpishi na wasaidizi wake, kisha khitma, kisha arubaini. Sanda na kaburi ndivyo vya bei ndogo kabisa. Kila nikikaa matangani humkumbuka Sayyidna Abubakar (R.A.), maana yeye alikuwa muuza nguo.

Biashara hiyo ndiyo iliyomtajirisha Makka. Aliposilimu alikuwa na akiba ya dirhamu 40,000, alipohama na Mtume (S.A.W.) kwenda Madina mwaka 622 zilibaki kama 5,000. Nyingi zilikwenda kuwakomboa watumwa walioteswa kwa ajili ya dini, Bilal akiwa mmoja wao. Aliposhika ukhalifa mwaka 632, alitoka asubuhi na nguo zake begani kwenda sokoni, kama ilivyokuwa desturi yake. Sayyidna Umar akamsimamisha njiani, na ndipo akapangiwa posho ya kumtosha yeye na watu wa nyumbani kwake, basi.

Alitawala miaka miwili na miezi. Mwaka 634 akaugua kiasi cha siku 15. Alimuuliza bintiye, Bibi Aisha, Mtume alikafiniwa kwa nguo ngapi, akaambiwa tatu. Akaitazama nguo aliyokuwa nayo mwilini, ina doa la zafarani. Akausia ifuliwe, iongezwe mbili, akafiniwe nazo. Bibi Aisha akaona ile imechakaa mno, naye akamjibu kwamba aliye hai ndiye anayeihitaji zaidi nguo mpya. Na huyu ni mtu aliyeuza nguo maisha yake!

Akaagiza pia vitu vichache vya Baitulmali vilivyokuwa kwake, akiwamo ngamia wa maji, virudishwe kwa Umar. Alifariki usiku wa kuamkia Jumanne, umri wake miaka 63, akazikwa usiku uleule kando ya Mtume. Hata asubuhi haikungojwa.

Aliyemwosha ni mkewe, Asma bint Umais. Hapa pana jambo ambalo mimi silisikii sana katika mawaidha yetu. Asma huyu kwanza alikuwa mke wa Jaafar bin Abi Talib, aliyeuawa vitani Muta mwaka 629. Habari ilipofika Madina, Mtume aliamrisha watu wa Jaafar wapikiwe chakula, kwa kuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha.

Wapikiwe wao, jamani. Sisi tumeigeuza. Mjane yumo ndani na eda yake, anaulizwa mchele umebaki kiasi gani. Mwanawe mkubwa ametumwa dukani kukopa mafuta. Tukishakula tunanawa, tunasoma dua, tunaondoka, na mwenye duka akija mwisho wa mwezi hatukuti sisi pale mlangoni. Anawakuta mayatima.