Edel Quinn: Mgonjwa aliyewagawia waumini kazi ya huruma

Alipoteremka Mombasa mwishoni mwa 1936, Edel Quinn alikuwa na umri wa miaka 29 na mapafu yaliyokwisha kudhoofishwa na kifua kikuu. Huko Dublin, Ireland, baadhi ya viongozi wa Lejio ya Maria walikuwa wameipinga safari hiyo, wakiona kwamba kumtuma mgonjwa Afrika ni kumtuma kaburini. Yeye mwenyewe alisisitiza aruhusiwe, na mwanzilishi wa chama hicho, Frank Duff, akamuunga mkono.

Quinn alizaliwa Septemba 14, 1907 mjini Kanturk, kaunti ya Cork. Alitamani kuwa mtawa, lakini kwa miaka kadhaa familia yake ilihitaji mshahara wake wa uhazili. Njia ya utawa ilipokaribia kufunguka mwaka wa 1932, ugonjwa uligunduliwa. Alilazwa kwa takriban miezi 18, enzi ambayo dawa ya kuponya kifua kikuu haikuwepo.

Lejio ya Maria, iliyoanzishwa mwaka wa 1921, ni chama cha waumini wa kawaida wa Kanisa Katoliki. Isichanganywe na kanisa la Legio Maria, lililojitenga na Wakatoliki eneo la Nyanza katika miaka ya 1960.

Quinn hakuja kujenga hospitali wala shule. Alichokileta ni utaratibu. Kikundi kidogo hukutana kila wiki na kusali. Kila mwanachama hupewa kazi mahsusi, kama vile kumtembelea mgonjwa, kumfariji mpweke au kumfundisha anayejiandaa kubatizwa. Huenda wawili wawili, na katika mkutano unaofuata hueleza walichokifanya. Hawagawi pesa wala chakula. Wanachotoa ni muda wao. Kikundi kikishasimama, Quinn aliondoka akaanzishe kingine. Huenda hapo ndipo ulipokuwa uhodari wake, kwani mapadri wengi wa wakati huo walidhani kazi kama hiyo ni ya mapadri, watawa na makatekista peke yao.

Kulikuwa na kikwazo kingine. Nairobi ya kikoloni iliwatenga Wazungu, Waasia na Waafrika katika makazi, shule na hospitali. Quinn alionywa kwamba watu wa rangi tofauti hawangeweza kushirikiana. Hakubishana sana. Alianzisha vikundi, kisha akawakutanisha viongozi wa Kiafrika, Kigoa na Kizungu katika baraza moja.

Kutoka Nairobi alisafiri Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland (sasa Malawi) na kisiwa cha Mauritius, mara nyingi akiendesha gari kuukuu la Ford katika barabara za matope na vumbi. Mnamo 1941 nguvu zilimwishia akiwa Nyasaland, akapelekwa kutibiwa Afrika Kusini. Aliporejea Nairobi mwaka wa 1943 alikuwa dhaifu mno, lakini aliendelea na kazi, hasa kwa kuviandikia barua vikundi alivyoviacha nyuma.

Alifariki jijini humo Mei 12, 1944, akiwa na umri wa miaka 36. Mnamo Desemba 1994, Papa Yohane Paulo II alitambua kwamba aliishi fadhila za Kikristo kishujaa, hatua inayotangulia kutangazwa mwenyeheri. Kaburi lake lipo katika makaburi ya wamishonari ya St Austin's, Msongari.