Baden-Powell, mzee wa Nyeri aliyewakutanisha vijana wa dunia

Mwaka 1992 nilikuwa mwanafunzi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Siku moja tulipakiwa kwenye lori mpaka Mbarara mjini, tukapiga kambi ya maskauti Kamukuzi. Jioni, mbele ya moto, kila kikosi kiliambiwa kitaje kwao. Sisi watoto wa Wanyarwanda tukabaki kutazamana. Kwa wazazi wetu kulikuwa na vita, na wengi wetu hatujawahi kupaona. Mwishowe tukataja Nakivale, tukapigiwa makofi kama wengine. Tangu siku hiyo nilitaka kumjua aliyeanzisha mambo haya.

Msomaji, mtu huyo ni Robert Baden-Powell, aliyezaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Baba yake, mchungaji na profesa wa Oxford, alifariki mtoto akiwa na miaka mitatu, na mama akailea familia kubwa peke yake. Mwaka 1876 Robert aliingia jeshini, akapelekwa India na baadaye Afrika.

Simsifu kwa yote. Alikuwa askari wa ukoloni. Mwaka 1896, katika vita vya Wamatabele, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, aliamuru chifu Uwini, aliyekuwa mateka, apigwe risasi. Miaka ya 1899 na 1900 Makaburu walimzingira Mafeking, Afrika Kusini, kwa siku 217. Uingereza ilimshangilia kama shujaa, lakini mjini humo Waafrika walipewa chakula kidogo kuliko Wazungu, na wapo waliokufa kwa njaa.

Hata hivyo, Mafeking ilimfunza jambo. Aliona wavulana wadogo wakipeleka ujumbe huku mizinga ikilia, akatambua kwamba kijana akiaminiwa hutenda makubwa. Agosti 1907 alipiga kambi katika kisiwa cha Brownsea na wavulana wapatao 20. Kulikuwa na watoto wa matajiri na watoto wa wafanyakazi, naye akawachanganya katika vikosi vidogo, wapike na walale pamoja. Mwaka 1908 akatoa kitabu cha mafunzo hayo, na skauti ikaenea haraka. Kenya iliipokea mwaka 1910, Uganda mwaka 1915.

Mwaka 1920, miaka miwili baada ya Vita Kuu, aliitisha London mkutano wa kwanza wa maskauti wa dunia, unaoitwa Jambori. Walifika vijana wapatao 8,000 kutoka nchi 34, wakamtangaza Skauti Mkuu wa Dunia. Mwaka 1929, huko Arrowe Park, Uingereza, walikusanyika maelfu ya vijana, mvua ikanyesha mpaka kambi ikawa tope tupu, lakini hawakuvunja kambi. Mwaka 1937, akiwa na umri wa miaka 80, aliwaaga vijana wake katika Jambori ya Uholanzi.

Mwaka uliofuata alihamia Nyeri, Kenya, pamoja na mkewe Olave, katika nyumba ndogo iliyoitwa Paxtu, inayoutazama Mlima Kenya. Huko ndiko alikofariki tarehe 8 Januari 1941, na huko ndiko alikozikwa. Olave alipofariki mwaka 1977, majivu yake yaliletwa kando ya mumewe.

Juu ya jiwe la kaburi kuna duara lenye nukta katikati. Ni alama ya njiani ya maskauti, na maana yake ni kwamba aliyetangulia amekwenda nyumbani. Amelala mbali na alikozaliwa, na bado alama hiyo inamfaa.

Sisi tuliorudi mwaka 1994 tuliambiwa tumefika nyumbani, ilhali njia tulizozijua zilikuwa za Nakivale na Kamukuzi. Nilihitaji miaka mingi kuelewa kwamba mtu anaweza kuwa na kwao kuwili bila kukosa adabu kwa hata kumoja.

Basi ewe mzazi unayevuka Kagitumba na mizigo yako, mwanao akikuomba nauli ya kwenda kambi ya maskauti, usimnyime. Huenda huko akakaa karibu na mtoto asiyejua ataje wapi, naye akawa wa kwanza kumpigia makofi.