Moses Mendelssohn, Myuda wa Berlin ambaye watoto wake wanne walihama dini

Ule muziki wa harusi unaopigwa sehemu nyingi za dunia wakati bwana na bibi arusi wanatoka kanisani uliandikwa mwaka 1842 na Felix Mendelssohn, Mjerumani wa kanisa la Kiprotestanti. Wachache wanajua kwamba babu yake Felix hakuwa Mkristo. Aliitwa Moses Mendelssohn, na katika Ujerumani ya karne ya 18 hakukuwa Myuda aliyejulikana kumushinda. Alishika Sabato na sheria za chakula hadi siku ya kufa. Lakini kati ya wajukuu wake waliobeba jina la Mendelssohn, ni mmoja tu aliyekufa akiwa Myuda.

Habari hiyo inazungumziwa hadi leo kila mahali ambako Wayuda wanaishi wakiwa wachache katikati ya watu wengine. Wakaaji wa Lubumbashi wanaijua sinagogi ya mji wao, iliyojengwa wakati wa ukoloni wa Wabelgiji na Wayuda ambao wengi wao walitoka kisiwa cha Rhodes. Katika jamii kama ile, wazazi hujiuliza swali moja: tukifanana na majirani kwa lugha, mavazi na shule, watoto wetu watabaki nani? Ujerumani, swali hilo lilikuja na nguvu zaidi juu ya Mendelssohn na nyumba yake.

Alizaliwa tarehe 6 mwezi wa 9 mwaka 1729 katika mji mdogo wa Dessau. Baba yake, Mendel, alikuwa maskini. Kazi yake ilikuwa kunakili vitabu vya Torati kwa mkono, juu ya ngozi. Nyumbani walisema Kiyidishi, lugha ya Wayuda wa Ulaya inayofanana na Kijerumani lakini inaandikwa kwa herufi za Kiebrania. Mtoto alisoma mpaka akaharibu afya. Uti wa mgongo ulipinda, na yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba sababu ilikuwa kuinamia vitabu vya Maimonides, mwalimu mkubwa wa Wayuda wa karne ya 12.

Rabi wake, David Fränkel, alipoitwa kufanya kazi Berlin, kijana alimfuata. Ilikuwa mwaka 1743, akiwa na miaka 14. Safari ilikuwa ya zaidi ya kilometa 100, na husimuliwa kwamba aliifanya kwa miguu. Aliingia kwa mlango wa Rosenthal, kwa kuwa Wayuda wageni hawakuruhusiwa kupita pengine.

Hapa inafaa kueleza hali ya makaratasi, maana bila hiyo mambo ya mbele hayataeleweka. Myuda hakuwa raia wa Prusia. Mfalme Friedrich wa Pili alitoa sheria mwaka 1750 iliyowagawa Wayuda katika makundi. Matajiri wachache waliweza kuishi mjini na kuwaachia watoto haki hiyo. Wengine waliachia mtoto mmoja tu. Wengine walipewa ruhusa ya maisha yao wenyewe, ikazikwa pamoja nao. Wa chini kabisa, watumishi na wafanyakazi, walikaa kwa kutegemea kazi ya tajiri wao. Tena, mahali pengi pa Ujerumani Myuda alilipa kodi ya mwili kwenye mlango wa mji, jinsi mifugo ilivyolipiwa. Mwaka 1776, wakati vitabu vya Mendelssohn vilikuwa vimekwisha kusomwa Ulaya yote, alifika Dresden na akatozwa kiasi kilekile kilichotozwa kwa ng'ombe wa kutoka Polandi.

Kwa miaka 20 ya kwanza Berlin, yeye alikuwa katika kundi la chini. Mwaka 1750 tajiri wa hariri, Isaac Bernhard, alimwajiri kufundisha watoto wake, kisha akamfanya karani wa hesabu, mwishowe msimamizi wa kiwanda. Kazi hiyo hakuiacha hata alipokuwa mashuhuri. Mchana alihesabu vitambaa, usiku na mapema asubuhi aliandika. Kijerumani, Kilatini, Kifaransa na Kiingereza alijifunza kwa bidii yake mwenyewe, bila kukanyaga chuo kikuu.

Mwaka 1754 alikutana na mwandishi Gotthold Ephraim Lessing, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, kwa sababu ya mchezo wa chesi. Urafiki wao ulidumu hadi kifo cha Lessing mwaka 1781. Ndiye aliyepeleka maandiko ya kwanza ya Mendelssohn kwa mchapishaji. Miaka mingi baadaye aliandika mchezo wa kuigiza juu ya Myuda mwenye hekima anayeitwa Nathan, na kila mtu wa Berlin alijua Nathan huyo ni nani.

Mwaka 1763 Akademia ya Berlin ilitoa zawadi kwa andiko bora la falsafa. Mendelssohn alikuwa wa kwanza. Wa pili alikuwa Immanuel Kant. Mwaka huohuo mfalme alikubali kumpa hati ya kukaa Berlin, baada ya rafiki wa mfalme kumwombea. Hati ilimruhusu yeye. Watoto hawakuhesabiwa. Mwaka 1771 wanachuoni wa Akademia walimchagua kuwa mwenzao, na mfalme akakataa kutia sahihi.

Mwaka 1762 alikuwa ameoa Fromet Gugenheim, binti wa Hamburg, ndoa ya mapendo katika wakati ambapo wazazi ndio walipanga. Walizaa watoto kumi. Sita walifika utu uzima: Brendel, Recha, Joseph, Henriette, Abraham na Nathan.

Sifa yake ilimletea taabu isiyotarajiwa. Mwaka 1769 mchungaji mmoja wa Zurich, Johann Caspar Lavater, alichapisha kitabu cha kutetea Ukristo na kumwomba Mendelssohn mbele ya watu wote akipinge au abatizwe. Mtego ulikuwa wazi. Kushambulia dini ya wenye inchi, wakati wewe mwenyewe unakaa kwa hisani ya mfalme, ni hatari. Kunyamaza kungeonekana kama kukubali. Alijibu kwa upole kwamba alichunguza dini yake tangu ujana, hakuona sababu ya kuiacha, na kwamba dini hiyo haimtumi kugeuza watu wengine. Mabishano yaliendelea hadi yakamwangusha. Mwaka 1771 aliugua mishipa, na kwa muda mrefu waganga walimkataza kusoma na hata kufikiri sana.

Tangu hapo alielekeza nguvu nyingi kwa watu wake. Kati ya 1780 na 1783 alitoa Torati kwa Kijerumani safi kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania, pamoja na maelezo. Kazi ilianza kwa ajili ya masomo ya watoto wake. Marabi wakubwa, kati yao Ezekiel Landau wa Prague, waliogopa kwamba vijana wangeitumia kujifunza Kijerumani na kusahau Torati. Hofu ile haikuwa ya kijinga. Vijana wengi walijifunza Kijerumani kwa njia hiyohiyo, na wengine hawakurudi nyuma.

Mwaka 1783 alitoa kitabu chake Jerusalem. Humo alisema kwamba serikali inaweza kuamuru matendo, lakini haina haki juu ya imani ya mtu, na kwamba dini yenyewe haipaswi kulazimisha. Hata marabi aliwaomba waache kutenga watu na jamii. Lakini Myuda aliyezaliwa chini ya Torati, kwake, hana ruhusa ya kuiweka pembeni. Kama bei ya kuwa raia ni kuvunja Sheria, basi Wayuda wapaswa kukosa uraia. Watu husahau mstari huo wanapomwita baba wa Wayuda waliohama.

Alikufa tarehe 4 mwezi wa 1 mwaka 1786, akiwa na miaka 56. Siku chache mbele alikuwa ametoka kwenye baridi kupeleka kwa mchapishaji andiko la kutetea jina la Lessing. Abraham alikuwa na miaka 9, Nathan alikuwa mdogo zaidi. Kwa mwandishi wa makala hii, hilo lina uzito: wanaomlaumu baba wasahau kwamba wavulana wawili hawakulelewa naye.

Brendel, mkubwa, alikuwa ameolewa na Simon Veit, mwenye banki aliyechaguliwa na baba. Alitengana naye mwaka 1799 kwa sababu ya mwandishi Friedrich Schlegel. Wakati ule hakukuwa ndoa ya serikali katika inchi zile za Kijerumani. Myuda aliyetaka kuoana na Mkristo alipaswa kubatizwa kwanza. Mwaka 1804 Brendel, aliyekwisha kujiita Dorothea, alibatizwa Mprotestanti akaolewa na Schlegel. Mwaka 1808 wote wawili wakawa Wakatoliki. Watoto wake wa kiume wa ndoa ya kwanza walimfuata. Henriette, aliyekuwa mwalimu Paris na hakuolewa, aliingia Ukatoliki mwaka 1814. Nathan pia alibatizwa.

Abraham alifanya hesabu ingine. Sheria ya mwaka 1812 iliwapa Wayuda wa Prusia uraia, lakini kazi za serikali zilibaki zimefungwa. Mwaka 1816 yeye na mke wake Lea waliwabatiza watoto wao, Felix na Fanny wakiwemo, kwa siri. Siri ilikuwa juu ya mama ya Lea, Bella Salomon, Myuda mwenye msimamo aliyekwisha kuvunja uhusiano na mtoto wake wa kiume kwa sababu ya ubatizo. Wazazi wenyewe walibatizwa mwaka 1822 na kuongeza jina Bartholdy, ili Mendelssohn lisisikike peke yake. Na Bella huyohuyo ndiye aliyempa mjukuu wake Felix nakala ya muziki wa Bach juu ya mateso ya Yesu kwa Matayo. Felix aliuongoza mbele ya watu wa Berlin mwaka 1829, na Bach akarudi kusikika Ulaya.

Joseph na Recha walibaki Wayuda. Joseph ndiye aliyefundishwa na baba mapema asubuhi, mambo ya kuwako kwa Mungu, masomo yaliyokuwa kitabu mwaka 1785. Lakini hata kwake, mtoto mmoja, Georg Benjamin, alibatizwa. Mwengine, Alexander, alikufa mwaka 1871: ndiye yule mjukuu mmoja tuliyemtaja.

Ni lawama ya nani? Walioshika desturi walisema Kijerumani kilifungua mlango. Lakini Recha na Joseph walisoma Kijerumani kilekile katika nyumba ileile. Tunaona uzito mkubwa uko kwa hati ya mwaka 1763. Serikali iliyomheshimu baba na kuwakatalia watoto ilikuwa inawaambia wazi kwamba njia ya kudumu inapita kanisani. Fromet na watoto walipata hati yao mwaka 1787 tu, kwa mfalme mwengine, baba akiwa kaburini.

Na kanisa nalo halikuwaokoa mbele ya Wanazi, waliohesabu dini ya mababu na kuacha ya mtu mwenyewe. Mwaka 1936 sanamu ya Felix iliondolewa Leipzig. Mwaka 1938 banki ya familia, iliyoanzishwa na Joseph, ilifungwa. Mwaka 1943 makaburi ya Wayuda ya barabara ya Grosse Hamburger, Berlin, yalivunjwa, la Moses likiwemo. Jiwe linaloonekana pale leo liliwekwa baada ya vita. Makaburi ya Abraham, Lea, Felix na Fanny yangali katika uwanja wa kanisa la Utatu, mji uleule.