Moog na kitufe cha kengele

Likizo iliyopita, nyumbani Singida, niliunguza amplifaya ya kwaya yetu. Nilitaka kuiboresha, lakini sikuwauliza waimbaji kasoro iko wapi. Aibu ile ndiyo iliyonirudisha kwa Robert Moog.

Jamaa alizaliwa New York mwaka 1934. Tangu ujana alikuwa akiunda vyombo vya muziki vya umeme pamoja na baba yake. Mwaka 1964 alishirikiana na mwanamuziki Herbert Deutsch kuunda sinthesaiza. Amplifaya yake iliongozwa kwa volti: volti ikipanda, sauti inapanda. Deutsch akataka noti ianze na kufifia kama ya chombo cha kawaida. Basi Moog akamtuma dukani akanunue kitufe cha kengele ya mlango, akakiunganisha na kapasita. Ukibonyeza, kapasita inajaa umeme. Ukiachia, inaumwaga taratibu, na sauti inafuata.

Moog alifariki mwaka 2005. Wenzangu wa uhandisi, yule alianza kwa kumsikiliza mpigaji. Mimi nilianza na lehemu. Amplifaya ya watu nitailipa, ila safari hii nakaa kwanza na kwaya.