Muindi Mbingu na Uthabiti wa Moyo

Kila ufikapo msimu wa mitihani ya kitaifa, shule nyingi hapa Machakos hupokea wageni wa siku moja, wasemaji walioalikwa kuwatia watahiniwa moyo. Huwahimiza wanafunzi wapaaze sauti na kujiaminisha kwamba hakuna lisilowezekana. Makofi hupigwa, mgeni huenda zake, kisha karatasi ya hisabati hufunguliwa na mikono ikatetemeka kama ilivyotetemeka mwaka uliotangulia. Sina ugomvi na wasemaji hao. Ninachotilia shaka ni ile dhana kwamba uthabiti ni moto unaoweza kuwashwa asubuhi ya mtihani.

Lugha yenyewe haikubaliani na dhana hiyo. Neno thabiti tulilipata kutoka Kiarabu, na asili yake ni kukaa mahali pamoja pasipo kutikisika. Subira nayo, katika lugha iyo hiyo, asili yake ni kujizuia. Hamna kelele katika maneno haya. Na iwapo mwalimu ataka mfano wa jambo ninalolisema, hana haja ya kuvuka bahari kuutafuta, kwa kuwa upo katika milima ya Iveti, juu tu ya mji wetu.

Samuel Muindi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Muindi Mbingu, alikuwa mwenyeji wa Ngelani. Alikuwa amewahi kuwa polisi, kwa hiyo aliijua serikali ya mkoloni kwa ndani: jinsi inavyotoa amri, na jinsi inavyomtazamia Mwafrika ama atii ama afanye fujo. Akitii, mambo yamekwisha. Akifanya fujo, bunduki zipo. Muindi na wenzake walitafuta njia ya tatu.

Katika miaka ya thelathini udongo wa Machakos ulikuwa ukichukuliwa na mvua, na makorongo yalikuwa yameichana ardhi. Hilo lilikuwa kweli, wala si haki kuwasingizia maofisa wa wakati ule kwamba walilizua. Walichokisahau, au walichojisahaulisha, ni kwamba Wakamba walikuwa wamebanwa katika eneo dogo baada ya walowezi kupewa malisho yao, ikiwemo sehemu ya Mua, na kwamba nyanda za Yatta zilihesabiwa kuwa mali ya serikali. Dawa iliyotolewa ilikuwa kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Wakati uo huo kampuni ya Liebig ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama Athi River, na kiwanda huhitaji ng'ombe wa bei nafuu. Mwaka 1938 ng'ombe zaidi ya 2,000 walitwaliwa na serikali.

Naomba msomaji afikirie maana ya jambo hilo. Ng'ombe hakuwa nyama tu. Alikuwa mahari ya kijana, akiba ya mwaka wa njaa, heshima ya mzee mbele ya wenzake. Mtu aliyeona zizi lake likifunguliwa na askari alikuwa na kila sababu ya kushika upinde, na Wakamba, kama ijulikanavyo, hawakuwa wageni wa upinde. Shinikizo la namna hiyo ndilo kipimo halisi cha mtu, kwa maana hasira humjia kwanza, na fikira humfikia baadaye.

Muindi hakusubiri siku hiyo ndipo atafute ujasiri. Yeye pamoja na akina Elijah Kavulu, Isaac Mwalonzi na Simon Kioko walikuwa wameunda chama, Ukamba Members Association. Mikutano ilifanywa, malalamiko yakaandikwa na kupelekwa kwa wakubwa, michango ikakusanywa. Watu waliapishwa kiapo cha jadi ili asiwepo wa kuwasaliti wenzake. Wapo wanaokitaja kiapo hicho kana kwamba kilikuwa ushirikina mtupu. Kwa maoni yangu kilikuwa kazi ya maandalizi: kila mmoja alikwisha kuamua mapema, akiwa ametulia, atakalolitenda wakati atakapokuwa hajatulia.

Mwishoni mwa Julai 1938 watu wasiopungua 1,500, wanaume kwa wanawake, pamoja na watoto, waliondoka Machakos wakashika njia ya Nairobi. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 60. Walipofika walipiga kambi Kariokor, wakatoa ombi moja tu, nalo ni kuonana na Gavana, Sir Robert Brooke-Popham. Gavana hakutaka kuwaona. Waliambiwa warudi makwao, hawakurudi. Majuma yakapita. Walikaa katika mji usio wao, hawakurusha jiwe wala hawakuwapa polisi kisingizio walichokihitaji. Isher Dass, mjumbe Mhindi katika Baraza la Kutunga Sheria, aliwasaidia kuifikisha sauti yao mahali ambapo wao wenyewe hawakuruhusiwa kuketi.

Hapa ndipo ninapopenda wanafunzi wangu wakae kidogo. Kutembea kilomita 60 ni jambo la siku moja au mbili, na msisimko waweza kumbeba mtu. Kukaa majuma kadhaa bila jibu, huku watoto wakiuliza mtarudi lini nyumbani, hakubebwi na msisimko. Waliweza kwa kuwa ombi lao lilikuwa moja na kila mmoja alilijua, na kwa kuwa hapakuwa na aliyeachwa kubeba hofu yake peke yake. Mtahiniwa anayetetemeka mara nyingi hana upungufu wa ujasiri. Hajui aanzie wapi, na hakuna aliyewahi kumzoeza kuanza akiwa na hofu.

Mwezi wa Agosti Gavana alilazimika kwenda Machakos mwenyewe kuhutubia baraza. (Mtu huyu, mwanajeshi wa cheo kikubwa, ndiye aliyekuwa amiri jeshi wa Uingereza katika Mashariki ya Mbali Wajapani waliposhambulia mwaka 1941, kabla ya mwezi huo wa Desemba kwisha, nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na mwingine.) Kabla ya mwaka 1938 kwisha, sera ya kupunguza ng'ombe kwa nguvu iliachwa.

Muindi hakuwepo kuufurahia ushindi. Alikuwa amekamatwa na kuhamishiwa Lamu, mbali na milima yake, katika kitovu cha lugha hii ninayoifundisha. Hili nalo wasemaji wetu hulikwepa, maana wao huahidi kwamba mwenye moyo thabiti hupata tuzo. Muindi alipata kisiwa. Baadaye alirejea, na mwaka 1953, katika msukosuko wa Hali ya Hatari, akauawa.

Makorongo yale yaliyomsumbua mkoloni yalikuja kuzibwa, kwa sehemu kubwa, na Wakamba wenyewe kwa matuta waliyoyachimba vikundi kwa vikundi, ng'ombe wao wakiwepo. Matuta hayo yanaonekana hadi leo kutoka madirisha ya madarasa mengi ya Iveti. Jijini Nairobi barabara inayopita kando ya Soko la Jiji imepewa jina la Muindi Mbingu. Nimewauliza wanafunzi wangu wengi, baadhi yao wazaliwa wa Machakos, mtu huyo alikuwa nani. Wengi hunijibu kwamba ni mahali pa kushukia matatu.